Namba ya Oili

Nina gari moja, Toyota IST ya mwaka 2003, na washauri wa oili wasiopungua kumi na wanne. Nikiugua homa hapa Tabata hakuna anayeuliza nimemeza dawa gani. Lakini nifungue boneti Jumamosi asubuhi! Hata muuza karanga anatua sinia lake, anachungulia ndani, anauliza, "Unaweka namba ngapi?"

Mshauri mkuu ni mzee wa nyumba ya pili. Huyu namshukuru Mungu kwa geti lake. Lina kutu mpaka kwenye roho, likifunguliwa linalia kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa, na mtaa mzima unajua mzee anatoka. Hapo napata kama dakika moja ya kushusha boneti na kujifanya naongea na simu. Siku nikichelewa, nimekwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo weka namba arobaini."

Mzee ameendesha lori miaka mingi, Dar mpaka Tunduma, na kwa maelezo yake alitumia namba arobaini tupu na injini haikunoki hata mara moja. Nikamwambia mzee wangu, lile lilikuwa lori la dizeli, pistoni zake kama ndoo. Hili langu lina cc 1,300. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, tembo na panya si wote wanakunywa maji?" Sasa hapo unabisha vipi, na shikamoo umeshatoa?

Fundi wangu, gereji yake iko chini ya mwarobaini, naye ana dini yake. Iwe Vitz, iwe Fuso, kwake ni twenti fifti, yaani ile nzito ya 20W-50. "Bosi, Dar joto. Oili nyepesi humu inageuka maji." Nikamletea kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani. Kitabu chote Kijapani, lakini katikati ya yale maandishi imesimama 5W-30, haijatafsiriwa, na mbele kidogo 3.7, ndizo lita zinazoingia pamoja na filta. Fundi akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza juu chini, akanirudishia. "Hicho cha kwao, bosi. Kwao kuna theluji."

Hoja ya theluji ilinikaa, sitadanganya. Nikapanda daladala mpaka Gerezani kutafuta ukweli dukani.

"Unataka ya kawaida, orijino, au orijino yenyewe?"

Nikauliza hii orijino ya katikati ni kitu gani.

"Ni orijino, ila siyo yenyewe."

Nikaona nitulie kwenye namba, labda huko kuna usalama. Nikamuuliza ile W ina maana gani. Muuzaji hakusita hata kidogo: "Wati, braza. Kama balbu. Hii 5W ni ya vigari vya kina mama, hii 20W ina nguvu mara nne." Na zile herufi za nyuma ya kopo, SF? "Supa Faini." Alivyosema kwa kujiamini, mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Kilichoniokoa ni kwamba hakuwa na chenji.

Jioni nikamsimulia mpwa wangu anayesoma umakenika VETA. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi mjomba wake, niliyemlipia nauli.

"Mjomba, W ni herufi ya majira ya baridi kwa Kiingereza. Mafuta ya nazi ya anti, mwezi wa saba asubuhi, yanakuwaje?"

Yanaganda. Mke wangu huyachimba kwa kijiko.

"Basi. Oili haigandi hivyo, lakini ikipoa inakuwa nzito. Namba ya kabla ya W inasema inatiririka vipi ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, inakimbia upesi. Usiku oili yote imeshuka chini. Asubuhi ukiwasha, twenti fifti inapanda kama mtu anayelazimishwa kwenda kanisani. Vyuma vinaisubiri."

"Na joto la Dar?"

"Namba ya pili ndiyo ya joto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Injini ikishachemka kazini, oili ndani iko nyuzi 90 na zaidi. Yenyewe haijui kama iko Tabata au Tokyo."

Theluji yote ya fundi ikayeyuka pale pale sebuleni. Kijana akaendelea: ndani ya injini kuna vitundu vyembamba vya VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa valvu kufunguka, oili nzito inapita humo kwa kusukumana kama abiria mlangoni mwa daladala saa kumi na mbili jioni. Na ile SF ni daraja la injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. Herufi ya pili kadiri inavyokwenda mbele, ndivyo oili ilivyo mpya, na SP ilianza mwaka 2020. Yaani yule bwana alitaka kulinywesha gari langu uji wa bibi yake. (Tumtendee haki fundi: injini iliyochoka, inayotoa moshi wa bluu, oili nzito kidogo huipunguzia kiu. Langu halijafika huko. Nadhani.)

Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. "Baba Neema, hilo gari limeitishiwa kikao. Mimi nikikuagiza mafuta ya alizeti unaniletea yoyote yaliyo karibu na mlango wa duka."

Nikanunua 5W-30, SP, kopo la lita 4 lenye lakiri yake, kwa bei ambayo Mama Neema hataijua. Fundi akaimwaga oili ya zamani kwenye beseni lake. Oili chafu ina wateja, mafundi wa zege wanapaka mbao. Akamimina mpya huku ananung'unika kama aliyelazimishwa kumpa mtoto pombe. Kisha kwa sauti laini: "Bosi, kopo niachie."

Kopo? Niliache kopo zuri la orijino yenyewe, halafu mwezi ujao niuziwe tena likiwa na kitu kingine ndani? Nikachukua bisibisi, nikalitoboa mbele yake. Lakini kabla ya kulitoboa nililitikisa, na ndipo nilipopata mshtuko wa mwaka. Lilikuwa na kitu. Nne ukitoa tatu nukta saba, zinabaki mililita 300. Na mimi miaka minne nafanya sevisi kwake, mara tatu kwa mwaka, naondoka napunga mkono. Mara kumi na mbili! Lita 3.6! Fundi ana Vitz yake, kumbe nimeifanyia sevisi nzima, pungufu ya filta.

Nikamimina kibaki changu kwenye chupa ya maji, nikakibeba kifua mbele mpaka nyumbani. Pale mlangoni mke wangu akaitazama chupa, rangi yake ya dhahabu kama alizeti safi, akasema jikoni kwake haingii. Chumbani pia hapana. Nikabaki nimesimama uani na chupa mkononi, ndipo geti likalia, mzee huyo.

"Mwanangu, hiyo unaitupa?"

Nikampa yote. Niliona ni ukarimu.

Jumamosi iliyofuata nimefungua boneti, natazama stiki ya oili kwa raha zangu, oili imekaa vizuri kati ya alama mbili, mtaa kimya kabisa. Sikusikia mbuzi. Sikusikia chochote. Nikahisi tu pumzi begani.

"Mwanangu," sauti ikasema sikioni kwangu, "hiyo namba ngapi?"