Nani alipie nauli ya anayeandika orodha?

Kila Desemba na kila Ramadhani magari hupanda vilima vya Mwanza, Mabatini, Igogo na Isamilo, yakiwa na unga, mafuta na sabuni. Wanaokuja ni marafiki waliochangishana, wafanyakazi wa ofisi moja, waumini wa msikiti au kanisa, au Watanzania waishio nje walioanzisha kundi la WhatsApp. Ahadi inayowakusanya siku hizi ni moja: asilimia 100 ya mchango itafika kwa mlengwa, hakuna shilingi itakayobaki njiani. Hata wanapoamua kushirikiana na asasi ya hapa Mwanza, sharti huwa lile lile. Fedha zinunue vitu, gharama za uendeshaji asasi ijitafutie.

Sharti hilo ndilo linaloharibu sehemu kubwa ya misaada kwa kaya masikini katika jiji hili. Wanaoliweka wana sababu zao, na baadhi ni nzito. Lakini kwanza itazamwe kazi yenyewe.

Kundi la wafadhili likitaka kaya 100, kwa kawaida humwendea mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi. Anatoa majina ndani ya siku mbili, bila malipo, kwa kuyakumbuka tu. Yanayomjia haraka ni ya watu anaowaona: wanaohudhuria mikutano, wanaokaa karibu na ofisi ya mtaa, wajane wanaofahamika na wote, na waliopata mwaka jana. Hawamjii mpangaji aliyehamia miezi mitatu iliyopita kutoka Ukerewe au Sengerema, mama anayeshinda kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba na kurudi usiku, mzee asiyeweza tena kushuka kwenye mawe, wala familia inayomficha ndani mtoto mwenye ulemavu. Si lazima mwenyekiti awe na upendeleo. Hana muda wala nauli ya kuwafuata, na hakuna aliyempa.

Orodha nzuri hupatikana kwa kutembea. Majina huombwa kwa watu watatu wasioketi pamoja: mwenyekiti, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu. Kisha kila kaya hutembelewa na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja anayejua Kisukuma au Kikerewe, kwa sababu bibi akihojiwa kwa Kiswahili cha fomu hujibu “ndiyo” kwa kila swali. Swali la “mna watoto wangapi?” halifai. Watu huhesabu na walioko kijijini. Ulizeni waliolala humu ndani jana usiku ni wangapi, jana mlikula mara ngapi, kodi inadaiwa ya miezi mingapi, maji mnayachota wapi na ndoo ni bei gani ikishapandishwa mlimani, na kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini.

Kwenye vilima, jozi moja humaliza kaya 6 hadi 8 kwa siku. Kaya 100 ni siku 13 hadi 17. Tuseme siku 15, watu wawili, kila mmoja shilingi 10,000 kwa siku kwa nauli na chakula cha mchana: jumla ni 300,000. Tuseme pia mchango wote ni milioni 10. Kazi ya kutembea imechukua asilimia 3. Sasa tuseme orodha ya kukumbuka ina majina 15 yasiyostahili kati ya 100. Hapo milioni 1.5 imekwenda kusikokusudiwa, yaani mara tano ya gharama iliyokataliwa. Na kwenye taarifa ya kundi itaandikwa kwamba asilimia 100 ilifika.

Vijana wa kujitolea wanaweza kuifanya kazi hii bure, na wengi huianza kwa moyo. Juma la kwanza huenda vizuri. Juma la pili anayejitolea hana nauli ya daladala, ana njaa, na fomu 20 zilizobaki anazijazia nyumbani. Utazijua: majibu yanafanana, kila kaya ina watu watano, kila kaya inakula mara moja. Kinga yake ni nafuu. Mtu mwingine arudie kaya 10 kati ya 100, zilizochaguliwa kwa kufuata namba na si kwa kupenda. Kaya mbili zisipolingana na fomu, rundo lote la mhojaji huyo lirudiwe. Lakini hata marudio hayo yana nauli.

Baada ya orodha kuna mzigo wenyewe. Kifurushi cha kawaida ni unga kilo 10, maharage kilo 2 na mafuta lita 1. Migao ya dharura hulenga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku: nafaka karibu gramu 400, kunde gramu 60, mafuta gramu 25. Kwa kaya ya watu watano ni kilo 2 za unga kwa siku, hivyo kilo 10 zinakwisha siku ya tano. Maharage na mafuta hudumu kama juma moja tu. Chakula cha mwezi mzima kingekuwa kilo 60 za unga, kilo 9 za maharage na lita 4 za mafuta, na kilo 60 hazipandi mawe ya Mabatini zenyewe. Kama hakuna bajeti ya mbebaji, bibi atamlipa kijana kwa kumkatia unga, au atauza nusu gengeni pale pale chini kwa bei ya kutupa.

Ubora nao unataka mtu wa kuufuatilia. Dona huchacha haraka kuliko sembe kwa sababu ya mafuta ya kiini, hivyo isikae stoo wiki nyingi. Mahindi yasiyokauka vizuri hubeba sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Kipimo cha unyevu kisizidi asilimia 13.5, na mnunuzi asiye na kifaa hicho asinunue mahindi ya jumla kwa kuyatafuna tu. Maharage ya zamani huchemka saa nyingi, na kaya inayonunua mkaa kwa kopo itatumia mkaa mwingi kuivisha msaada iliopewa bure.

Kuna jambo la mwambao ambalo wafadhili wa mbali hawalijui, na ambalo kalenda ya sikukuu hailioni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa taa hazivuti, mitumbwi mingi inapumzika, na kwenye mialo ya Igombe, Kayenze na Kirumba fedha zinakatika kwa karibu juma moja, pengine zaidi. Mvua nayo huharibu dagaa walioanikwa, na hasara humwangukia mwanamke aliyenunua kwa mkopo. Msaada unaokuja juma la mbalamwezi una thamani kuliko ule ule unaokuja wakati wa giza. Vivyo hivyo Januari: ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne 2016, lakini sare, viatu na madaftari vinabaki kwa mzazi, na vifurushi vya Desemba vimeshaliwa. Kuyajua haya kunamtaka mtu aliyekuwepo mwaka mzima, na mtu wa namna hiyo ana kodi ya ofisi.

Hapo wengi husema basi tuachane na vitu, tutume fedha kwenye simu. Ushahidi uko upande wao, tena kutoka ziwa hili hili. Utafiti wa Haushofer na Shapiro, uliochapishwa 2016, ulifuatilia kaya za Rarieda, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, zilizotumiwa fedha bila masharti kwa M-Pesa. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni chakula, mifugo na mabati. Utafiti mwingine wa Siaya, uliochapishwa 2022, ulihusu kaya zaidi ya 10,000 zilizopewa karibu dola 1,000 kila moja. Bei sokoni zilipanda kidogo mno, na hata majirani ambao hawakupewa walinufaika. Nasi tunakubali kwamba kwa kaya nyingi za mjini, fedha ni bora kuliko kifurushi. Mwenye deni la kodi la miezi mitatu hawezi kumpa mwenye nyumba maharage.

Ila fedha haziondoi kazi ya orodha. Zinaiongezea uzito. Mlengwa asiye na kitambulisho cha taifa (NIDA) hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na pengine simu inashikwa na mume ambaye hafiki nyumbani. Kabla ya kutuma, kila namba itumiwe shilingi 1,000 kwanza, apigiwe mhusika, athibitishe jina lililotokea na nani aliye na simu mkononi. Wenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu watambuliwe mapema: wakala wa mkopo akisikia kuna mgao mtaani, yuko mlangoni asubuhi hiyo hiyo. Kwa kaya kama hiyo, kugawa malipo mara mbili au tatu kunasaidia kuliko kuweka yote siku moja.

Sasa upande wa wanaokataa uendeshaji. Wameumwa na nyoka. Zipo asasi zinazoishi kwenye mkoba: mhuri, bango kando ya barabara, na mwenyekiti, katibu na mhazini wote wa nyumba moja. Ipo picha moja ya watoto iliyouzwa kwa wafadhili watatu. Zipo warsha za kujenga uwezo ambazo posho ya mshiriki mmoja ilizidi kifurushi cha kaya. Mtu aliyechanga kutoka mshahara wa ualimu ana haki ya kukasirika.

Na kutoa moja kwa moja kuna mahali kunashinda. Nyumba ikiungua usiku, au mgonjwa akizuiwa kwa sababu ya bili, kundi la simu hutuma fedha ndani ya saa moja, wakati asasi inasubiri saini mbili na kikao. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, vikundi vya akina mama msikitini, vikoba vya mtaani vyenye mfuko wa jamii, vyote hivi hugusa watu sahihi bila fomu. Lakini tazama kwa nini. Wanachama wameishi pamoja miaka kumi, wamezikana, wamechangiana harusi. Orodha yao iligharimiwa zamani, kwa muda wao. Kundi la wageni wanaofika Jumamosi na kuondoka jioni haliwezi kudai kwamba nalo lina orodha ya bure.

Kinachotusumbua zaidi ni hiki: sharti la sifuri linamfukuza mkweli na kumlea mwongo. Asasi inayosema “tunahitaji asilimia 15 kuhakiki, kubeba na kufuatilia” inaachwa, na inayosema “hatuhitaji chochote” inapewa kazi. Hiyo ya pili nayo ina dereva, stoo na mhasibu wa kulipa. Italipia kwa risiti ya mifuko 120 wakati imepokewa 100, kwa makubaliano na muuza duka, na mfadhili ataonyeshwa risiti iliyo safi kabisa. Wizi wa namna hii tumeualika kwa maneno yetu wenyewe.

Kwa maoni yetu, kazi ya vitu ya kaya 100 hivi inahitaji uendeshaji wa asilimia 12 hadi 20, na ndogo zaidi inaweza kufika 25, maana kutembea mlimani hakupungui kwa sababu mchango ni mdogo. Kiasi hicho kisiandikwe “utawala” tu. Kiandikwe mstari kwa mstari: uhakiki siku ngapi na watu wangapi, ubebaji, stoo, mhasibu, na ziara ya ufuatiliaji kati ya wiki ya pili na ya sita. Mstari usiotumika urudi kwa walengwa.

Kwa upande wake asasi ionyeshe cheti cha usajili na ngazi yake, akaunti ya benki yenye watia saini wasio ndugu, na daftari la stoo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 inayataka mashirika kuandaa kila mwaka taarifa ya kazi na ya fedha zilizokaguliwa. Iombeni, na kama jibu ni kwamba mkaguzi hajamaliza, ombeni ya mwaka uliotangulia. Mfadhili naye aache kudai picha za nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda hata mama aliyepokea unga, na ridhaa inayoombwa mfuko ukiwa bado mkononi mwa mgawaji si ridhaa. Picha ya stoo, hesabu na sahihi zinatosha.

Wanaojitolea kutoka nje ya nchi wanahitaji kibali cha uhamiaji, na majuma mawili hayawatoshi kujua mtaa. Wasipewe kazi ya kugawa. Wamfundishe mhasibu kulinganisha daftari na taarifa ya benki, jambo litakalobaki baada yao.

Kuna swali moja linalotenganisha asasi zinazotembea na zisizotembea, na mfadhili anaweza kuliuliza kwa simu kabla ya kutuma chochote: mwaka jana mliondoa kaya zipi kwenye orodha, na kwa nini? Waliotembea watajibu bila kufungua faili. Watasema 11 ziliondolewa, nne zilihama, tatu tayari zilikuwa zikipokea kwingine, mbili hazikupatikana kabisa, na mbili zilikuwa za shemeji ya aliyetupa majina.