Mjomba, ukarani huu una shule yake

Mjomba wangu wa Muheza, Tanzania, aliposikia nimeingia chuo huku Marekani alifurahi kwa sekunde kama tano. Akauliza nasomea nini. Nikamweleza: uendeshaji wa ofisi za tiba, yaani kupokea wagonjwa, kutunza kumbukumbu zao, kuandaa madai ya bima. Kimya. Halafu: "Sasa mama, umevuka bahari yote hiyo ukasomee kukaa dirishani?"

Siku ile sikumjibu. Nilikuwa natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mgongo unawaka moto. Namjibu leo.

Hapa Columbus, Ohio, kama ilivyo majimbo mengine, kuna komyuniti koleji, vyuo vya jamii. Nina miaka 43. Kidato cha nne nilitoka na Divisheni Foo, na mnaojua mnajua: kwetu ile foo inakufuata kama jina la ukoo. Ukigusa tu cheti cha afya unaulizwa D nne zisizo za dini, na Baiolojia na Kemia ziwemo. Mimi ya dini nilifaulu vizuri mno. Huku walitaka cheti cha kumaliza sekondari, wakanikalisha mbele ya kompyuta nifanye jaribio la Kiingereza na hesabu, hesabu zikanishinda, wakanipeleka darasa la kuanzia. Yakaisha. Hakuna aliyeuliza pointi zangu za zamani. Nakaa dawati moja na watoto wa miaka 19, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha asilimia.

Ada? Sisi wenye grini kadi tunaruhusiwa kuomba Pell Grant ya serikali, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024-25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na hairudishwi. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haipati, na ada yake ni kubwa kuliko yangu, kwa hiyo msidanganywe na mawakala. Digrii yenyewe, ile wanayoiita associate, ni krediti 60, miaka miwili kwa asiye na watoto wala boksi la kubeba. Mimi niko mwaka wa nne.

Kuhusu ukarani sasa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015 Marekani hutumia toleo lake la ICD-10, orodha yenye namba karibu 70,000 za magonjwa na ajali. Aliyegongwa na bata ana namba yake, W61.62, sitanii. Siku tuliyofika B50 hadi B54, namba za malaria, mwalimu akauliza kama kuna anayemjua mtu aliyewahi kuugua malaria. Nikanyoosha mkono, nikasema mimi mwenyewe, na sikumbuki mara ngapi. Darasa zima likageuka kunitazama kana kwamba nimefufuka. Nyumbani daktari anaandika mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, alama ya kujumlisha, dawa mseto, nenda ukachukue dirisha la tatu. Hapa lazima useme ni vimelea gani, vimeleta madhara gani, na mgonjwa amefanyiwa nini, kila jambo na namba yake. Tarakimu moja ikikaa vibaya, dai linarudi.

Na hapo ndipo Marekani inaponichosha. Sehemu kubwa ya kazi hii si tiba, ni ugomvi wa pesa. Kampuni za bima ni nyingi na kila moja ina masharti yake: hii inataka kibali kabla ya kipimo, ile inakataa kibali iliyokitoa yenyewe. Kwenye mafunzo ya vitendo nilimaliza asubuhi nzima nikitafuta majibu ya moyo ya mzee mmoja kutoka kliniki ya ng'ambo ya barabara. Kompyuta za huku na za kule hazisalimiani. Unajua yalikujaje? Kwa faksi! Kurasa kumi na moja, mbili zimetoka nyeusi.

Nikamkumbuka mama yangu. Historia yake yote ya presha imo kwenye madaftari manne ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, ndani ya mfuko wa rambo ulionusurika marufuku ya 2019. Daktari yeyote anayafungua na baada ya dakika mbili ameshajua alikotoka. Faksi ya nini?

Ila nisiwapambie. Daftari la tatu lina kurasa ambazo mjukuu alifanyia hesabu za kutoa, na vipimo vya miezi kadhaa havionekani. Halafu kuna siri. Huku nimefundishwa kwa sheria ya 1996, HIPAA, nisitaje hata kwamba fulani alifika kliniki. Kwetu nilishasikia majibu ya mtu yakisomwa koridoni huku foleni nzima inasikiliza, naye akapita katikati yetu ameinamisha kichwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Aliyesimama koridoni na faili mkononi nani amemfundisha?

Ndiyo hoja yangu kwa mjomba. Tumeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, 2023. Fomu zitaongezeka, na pale nyumbani mara nyingi nimeona muuguzi ndiye anajaza za bima huku wagonjwa wanamsubiri wodini. Mkichukua mashine ya Kimarekani ya kukataliana madai, mtajuta. Chukueni mlango wa chuo: mama wa miaka arobaini mwenye foo, jioni baada ya kufunga genge, aruhusiwe kusomea kutunza faili za watu vizuri. Najua Chuo Kikuu Huria kipo na kimewabeba wengi. Mimi nasema chuo cha wilayani, cha kwenda kwa miguu.

Juzi mama aliniuliza kwenye simu kama presha yake nayo ina namba. Nikamwambia ipo, fupi kuliko zote nilizokariri: I10. Akaniomba nirudie polepole, nikasikia anatafuta kalamu.