Nani kasema gari la zamani lazima livuje?

Kuna sentensi moja naichukia sana nikiisikia gereji: "Bosi, hili gari la zamani, lazima livuje." Nimeambiwa hivyo hapa Moshi, nimeambiwa Arusha, nimeambiwa hadi na kijana wa duka la spea ambaye sidhani kama amewahi kulala chini ya gari, na kila nikiisikia najua kinachofuata, utaambiwa ununue lita moja ya kuongezea, utapakwa silikoni kwa nje, alafu baada ya wiki mbili uko pale pale na doa limekua.

Gari linavuja kwasababu kuna kitu kimeisha na hakijabadilishwa, basi, umri haumo. Ng'ombe akizeeka unaacha kumkamua, humwachii maziwa yamwagike bandani.

Gari lenyewe ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa kobe, ilikuwa ya mzee wangu. Alikuwa mwalimu na kila Jumapili alikuwa anapandisha nayo Kibosho, barabara ikiwa bado ya vumbi, masika matope mpaka kwenye mlango, na inapanda. Watu wanashangaa kigari kidogo vile kinapandaje, lakini injini iko nyuma juu ya matairi yanayosukuma, kwahiyo kwenye tope yanakandamizwa yanashika. Sio bahati kwamba mwaka 1962 Volkswagen 1200 ilishinda Safari Rally, na enzi hizo rally ilikuwa inapita hadi huku kwetu Tanganyika. Mzee alipofariki gari ikabaki kwangu na mi sijawahi kufikiria kuiuza.

Sasa ilianza kudondosha. Mwanzo tone mbili tatu asubuhi, nikaweka kartoni chini nikaendelea na maisha. Baadae doa likawa sawa na sahani, alafu sinia. Kilichonishtua hata sio hilo doa. Nyumbani kwetu mfongo, ule mfereji wa maji wa Kichagga, unapita pembeni ya uwanja, maji yanashuka toka juu mlimani yanaingia kwenye migomba na kwa majirani huko chini. Mvua ya Aprili ilivyopiga siku moja mama akaniita nje, hakugomba, akanionyesha tu kwa kidole. Juu ya maji kulikuwa na ule utando wa rangi rangi, unatoka pale gari linapolala unaenda taratibu mpaka mfongoni. Akasema, "Baba, haya maji ndio wanakunywa ng'ombe wa watu." Niliona aibu sana. Siku hiyo hiyo nikalihamishia gari kwenye sakafu ya simenti nikamwaga maranda ya mbao chini yake, na nikaapa haliongezwi oili tena, linatengenezwa.

Nikapeleka gereji moja mjini, jina naliacha. Fundi akachungulia kwa tochi, akaona kile kitundu cha chini kabisa pale injini inapokutana na giaboksi kinadondosha, akasema hapo hapo, "Hii ni sili ya krenki." Injini ikashushwa, ikawekwa sili mpya, ule mpira wa duara unaozuia oili, nyuma ya flaiwili, ikarudishwa, nikalipa. Baada ya siku nne kitundu kikaanza tena, na sasa likaja jingine, klachi. Nikipandisha kilima injini inalia gari haliendi, na nikianza kuondoka gari zima linatetemeka kama lina homa. Niliporudi ndio nikapewa ile sentensi, gari la zamani lazima livuje.

Hapa ndio ugomvi wangu ulipo na mafundi wetu wengi, na nasema kwa upendo maana bila wao tusingefika popote. Mikono wanayo, wengi wana mikono mizuri kweli. Wanachokosa ni zile dakika kumi za kutafuta chanzo kabla ya kushika spana. Kile kitundu kinatoa oili ya sehemu mbili tofauti, na hili ndio jambo ambalo kila mwenye hizi gari anatakiwa alijue. Kwenye lile ganda la klachi, upande wa injini kuna sili ya krenki, inazuia oili ya injini. Upande wa giaboksi kuna sili ya shafti, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi kuja kuingia katikati ya klachi pleti, hii inazuia oili ya gia. Ikiisha moja au nyingine tone linatokea pale pale, na kwa macho huwezi kujua. Kwa pua unajua.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja yuko Majengo, sasa hivi hashiki kazi nyingi, nilielekezwa kwake na dereva wa daladala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mangi, umeinusa?" Nikasema hapana meku, ndio mzee kwa Kichagga. Akachana kitambaa cheupe, akaingia chini taratibu maana mgongo haumruhusu, akafuta lile tone, akanipa. Akaniambia kwanza sugua kwenye vidole alafu nusa. Ilikuwa nzito, inanata, rangi ya asali iliyochakaa, na harufu ile kali ya kibiriti kama yai lililooza kwa mbali. Kisha akachomoa dipstiki ya injini akafuta kwenye kona nyingine ya kile kitambaa. Nyeusi tii, nyepesi, inanukia moshi, maana hizi injini hazina filta ya oili ile ya kubadilisha, zina chujio la waya tu kwahiyo oili inawahi kuwa nyeusi. Kitambaa kimoja, kona mbili, hata mtoto wa darasa la pili angejibu. Oili ya gia. Yaani ile pesa yote ya kwanza ilienda kwenye sili ambayo haikuwa na kosa, na wakati injini iko chini ile yenye kosa ilikuwa mbele ya macho ya fundi, anaiona, hajaigusa!

Tukashusha injini tena, safari hii nyumbani kwake, mi nikiwa msaidizi pamoja na mjukuu wake. Kiukweli kushusha sio kazi ya kutisha. Unatoa waya wa betri kwanza, betri iko chini ya siti ya nyuma, alafu waya za dainamo na koili, kebo ya mafuta kwenye kabureta, chini kule kebo na mipira ya hita. Mpira wa petroli ndio wa kuheshimu, tenki liko mbele na liko juu, ukiuchomoa bila kuubana petroli inashuka yenyewe mpaka iishe na wewe umelala hapo chini. Meku alikuwa na bolti iliyokatwa ya saizi yake, anachomoa anaziba hapo hapo. Injini imeshikwa na giaboksi kwa bolti nne tu, spana namba 17, mbili chini mbili juu, ile ya juu kulia inashika na stata pia. Kisha jeki chini ya injini, kama kilo 110 hivi, unairudisha nyuma imenyooka mpaka shafti itoke kwenye klachi. Alinikataza mara tatu nisiiache injini ining'inie kwenye shafti, unapinda klachi pleti na kazi yote imeharibika. Tukanyanyua nyuma ya gari na stendi, injini ikapita chini ya bampa.

Klachi pleti ilikuwa imelowa, inang'aa. Hiyo haioshwi na petroli ikarudi jamani, oili imeshaingia ndani ya ule mkeka, utaosha leo kesho inateleza. Tukaweka mpya.

Sasa sili yenyewe. Akaitoa kwa bisibisi aliyoipinda ncha, taratibu asikwaruze shafti wala nyumba yake, akaniwekea kiganjani. Kitu chenyewe unakificha ndani ya ngumi. Mdomo wake wa mpira ambao unatakiwa uwe laini kama sikio la mtoto ulikuwa mgumu kama ukucha, nikiubonyeza haurudi, na sehemu moja umepasuka. Ndani ya ule mdomo kuna kispringi chembamba cha duara kinachoukaza kwenye shafti, kilikuwa kimeruka nje ya mfereji wake upande mmoja, akasema aliyeiweka miaka hiyo aliipiga nyundo upande mmoja. Nilikaa nayo muda nikiiangalia. Hiki ndio kilichoniharibia klachi na kutia oili kwenye mfongo wa mama.

Mpya nilinunua mbili, ya shafti na ya krenki, maana hapo niliamua, nikishashusha injini sibakishi kitu. Na huu ndio msimamo wangu, wengi hawakubaliani nao lakini nausema. Sili zote mbili hazikufika hata robo ya nilicholipa kushusha injini mara ya kwanza. Gharama iko kwenye kushusha, kwenye jeki na mgongo wa fundi na siku nzima ya watu watatu. Sasa mtu anashusha injini alafu anabana pesa kwenye sili, anachukua ya bei ya chini haina hata jina, mpira wake ukiukunja unabaki na alama. Nunua nzuri, badilisha zote mbili, angalia na ile beringi ya klachi kama inanguruma, badilisha nayo. Na mlipe fundi muda wa kutafuta tatizo, usimlipe wa kufungua bolti tu, sisi wateja ndio tumewazoesha kukimbia kwasababu tunapiga simu kila nusu saa, "vipi imeisha?"

Kuweka kulichukua muda mrefu kuliko kutoa na naona ndivyo inavyotakiwa. Alisafisha nyumba ya sili mpaka chuma kikawa kinang'aa, akapitisha ukucha juu ya shafti kusikia kama ile sili ya zamani imechimba mfereji, maana ikiwa imechimba sana hata sili mpya itavuja, namshukuru Mungu ilikuwa laini. Yale meno ya shafti akayazungushia selotepu, nikamuuliza ya nini, akasema meno yanachana mdomo wa sili wakati unaipitisha, ndio maana mtu anaweka mpya na inavuja siku ile ile. Akaupaka mdomo oili ya gia usianze kuzunguka mkavu, akaupeleka ukiangalia ndani kwenye oili, akachukua kipande cha bomba kinacholingana na sili akagonga kidogo kidogo kwa kuzunguka, inaingia sawa pande zote. Hakuna silikoni. Klachi pleti akaiweka katikati kwa kijiti cha mti alichokichonga mwenyewe zamani, cheusi kwa grisi ya miaka.

Kujaza oili ya gia nako kuna mambo. Ile nati ya kujazia iko pembeni ya giaboksi, inataka spana ya ndani ya 17 ambayo gereji nyingi hawana, wanaishia kuiharibu kwa tindo. Meku anachukua bolti yenye kichwa cha 17, anaweka nati mbili zinakazana, anaingiza kile kichwa kwenye tundu anafungua kwa spana ya kawaida. Inaingia kama lita mbili na nusu, SAE 90, unajaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye lile tundu, na ujaze polepole kwasababu ni nzito, itachuruzika ukidhani imejaa kumbe bado inashuka ndani. Na dukani dai daraja la GL-4. Nilienda maduka matatu wote wananipa GL-5 wananiambia "hii ndio kali zaidi bosi". Kali ndio, lakini GL-5 nyingi zina salfa na fosforasi nyingi zaidi na ndani ya hizi giaboksi kuna ring za shaba za sinkronaiza, zinazosaidia gia kuingia laini, ambazo hazipatani na huo ukali. Nikazunguka hadi nikaipata.

Na spea zipo, mtu asikudanganye hazipo. Hizi gari zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, juzi tu hapo. Sili zinaendelea kutengenezwa mpaka leo, ni kutafuta.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu tumalize na kile kitundu cha chini ni kikavu, nikipitisha kidole kinatoka na vumbi. Kibosho napanda gia ya pili bila klachi kuteleza. Kilichobaki ni mpira wa ekseli upande wa kushoto, umeanza kutoa jasho, ule unabadilishwa bila kushusha kitu kwasababu mpya zinakuja zimepasuliwa upande mmoja unavisha unafunga kwa skrubu ndogo ndogo. Meku ameshaniambia ule mshono usielekee chini, na skrubu nizikaze gari likiwa limesimama kwenye matairi yake. Amesema nitafanya mwenyewe, ye atakaa kwenye kigoda aangalie. Jumamosi hii, mvua isiponyesha.