Kabla ya Kununua Mbeleko, Tazama Kitako Chake

Mbeleko ya kwanza niliyomnunulia binti yetu niliichagua kwa aibu. Mke wangu alikuwa amebakiza siku chache za likizo yake ya uzazi, zile siku 84 ambazo sheria ya kazi ya Tanzania humpa mwajiriwa aliyejifungua mtoto mmoja, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi, ambaye kazi zangu nazifanyia nyumbani hapa Tabata, Dar es Salaam, ndiye nitakayempeleka mtoto kliniki na kushinda naye mchana. Kanga zilijaa kabatini, safi na laini kwa kufuliwa mara nyingi, lakini sikujiona nimesimama kituo cha daladala huku nimejifunga kanga kifuani. Nikaenda Kariakoo kutafuta kitu chenye mikanda na vifungo, kitakachofanana na begi la mgongoni kuliko vazi la mama. Nilichokipata kilikuwa cheusi, cha kupendeza macho, na kibaya karibu katika kila jambo linalomhusu mtoto.

Kosa lake kubwa lilikuwa kitako. Mahali anapokalia mtoto palikuwa na kipande chembamba cha kitambaa, upana wake haukufika hata kiganja changu, kikipita katikati ya mapaja kama nepi, na miguu yote miwili ikaachwa ining'inie wima. Uzito wote ukaangukia kwenye kinena. Mtoto alilia kila nilipombeba zaidi ya robo saa. Nikadhani ni joto, kisha nikadhani ni njaa, hadi mama mkwe alipokuja kutusalimia kutoka Muheza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na hata kabla hajaketi akaniuliza kwa upole, "Baba, huyo mtoto umembeba au umemtundika?"

Swali lile ndilo lililonifundisha pa kuanzia. Mtoto mchanga akiinuliwa kutoka kitandani hukunja magoti na kuyapanua mwenyewe, kama chura, na mbeleko nzuri huufuata mkao huo badala ya kuupinga. Kiungo cha nyonga katika miezi ya mwanzo bado ni gegedu, yaani mfupa laini, kwa sehemu kubwa, na kichwa cha mfupa wa paja hutulia vizuri ndani ya kikombe chake pale mapaja yanapokuwa yamepanuka na magoti yako juu kidogo kuliko matako. Kwa hiyo kitambaa kinapaswa kumshika mtoto tangu nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, ili awe ameketi, si amening'inia. Kanga iliyofungwa vizuri hulifanya hilo bila maelezo yoyote, kwa kuwa mtoto huukumbatia mgongo wa mbebaji kwa miguu yake na nguo ikamzunguka chini ya matako na mapaja. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliopitia rekodi za hospitali moja ya watoto, zaidi ya watoto 40,000 waliohudumiwa kati ya 2002 na 2012, hawakukuta mtoto mchanga hata mmoja aliyeletwa kwa tatizo la nyonga kutokaa mahali pake, nao wakaihusisha hali hiyo na desturi ya kubeba watoto mgongoni. Huo si uthibitisho kamili, maana watu hutofautiana kwa mengi zaidi ya mbeleko, lakini ulitosha kunifanya niziangalie kanga za kabatini kwa jicho jingine.

Najua majirani zangu wengi watanipinga hapa, kwa kuwa wanaamini kwamba mtoto anayebebwa akiwa amepanua miguu atapata matege. Wauzaji wanaifahamu vizuri hofu hiyo, na yule aliyeniuzia mimi aliitumia: "Hii inanyoosha miguu, bosi." Ukweli ni kwamba watoto karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa jinsi walivyokunjwa tumboni, na kwa kawaida miguu hiyo hunyooka yenyewe wanapofikia umri wa miaka miwili hivi. Matege yanayobaki baada ya hapo, au yanayozidi siku hadi siku, ni ya kupelekwa kwa daktari, kwa sababu huenda yakatokana na upungufu wa vitamini D au ugonjwa wa mifupa. Kuyatibu kwa mbeleko inayoning'iniza miguu ni kumtesa mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mbeleko hizi za mikanda zilizaliwa kwa kuwaiga mama wa Kiafrika. Katika miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo akiwa na Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, akaona jinsi watoto walivyotulia migongoni mwa mama zao ndani ya vitambaa. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake mwenyewe alijaribu kufunga kitambaa vilevile, mtoto akawa anateleza, ndipo yeye na mama yake wakabuni kitu chenye mikanda kilichopata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1969 na kuuzwa kwa jina la Snugli. Wazo limezunguka dunia, wenye viwanda vya bei rahisi wakalipunguza kitambaa mahali palepale palipokuwa na maana, na mwishowe limetua Kariakoo, mtaa ambao wenyewe ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumerudishiwa cha kwetu kikiwa kimekatwa kitako.

Jambo la pili, ambalo kwa mtoto mchanga ndilo la kwanza, ni pumzi. Katika nyumba nyingi za hapa mtoto hutolewa nje baada ya arobaini, na chanjo ya wiki ya 6 huja papo hapo, kwa hiyo safari yake ya kwanza anaifanya akiwa bado hajakaza shingo. Katika umri huo mimi simbebi mtoto mgongoni, ingawa nafahamu kwamba bibi zetu waliwabeba hivyo na tukakua, kwa sababu nisichokiona siwezi kukirekebisha. Namweka kifuani, wima, juu kiasi kwamba nikiinamisha kichwa naweza kumbusu utosini, na nahakikisha kidevu chake hakijaegemea kifua chake, maana koo la mtoto mdogo likikunjwa hivyo njia ya hewa huziba bila ya yeye kuweza hata kulia. Ile mifuko ya kuning'iniza begani, ambamo mtoto hulala amejikunja kama ndizi, naiogopa kuliko zote: mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2010 baada ya kuhesabu vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Vilevile naomba tuache kumfunika mtoto uso kwa kanga kwa sababu ya vumbi, jua au macho ya watu; mwavuli unatosha.

Kuhusu kumgeuza mtoto atazame mbele, maneno yangu ni machache. Wahenga walisema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina, nasi siku hizi tunamtazamisha magari ya Barabara ya Mandela. Mkao huo humnyima mtoto pa kuegemeza kichwa akisinzia na mara nyingi huirudisha miguu katika kuning'inia, kwa hiyo asubiri hadi awe amekaza shingo na mgongo, na hata hapo iwe kwa muda mfupi.

Joto la Dar es Salaam nalo lina kura yake. Mwezi Februari mtu mzima analowa jasho akiwa kivulini, sembuse mtoto aliyebanwa kifuani kwa mtu mwingine mwenye jasho, ndani ya sponji na kitambaa cha nailoni, huku amevikwa sweta, soksi na kofia ya sufu kwa hofu ya upepo. Mbeleko yenyewe ni nguo; ikishafungwa, vua moja ya zile alizovaa. Nguo ya pamba huruhusu hewa, na kuitambua ni kazi ndogo: chomoa uzi mmoja pembeni uuchome, ukinuka karatasi na kubaki jivu ni pamba, ukiyeyuka na kuwa kishanga kigumu ni plastiki. Nimewachomea nyuzi wauzaji kadhaa wa Mtaa wa Uhuru, kwa ruhusa yao, na vitenge viwili vilivyosifiwa kuwa ni pamba tupu vikayeyuka mbele ya mwenyewe.

Kisha uijue safari yako. Anayepanda basi la mwendokasi kutoka Kimara saa moja asubuhi akiwa na mtoto mgongoni hawezi kujua nani anamwegemea mtoto huyo, na kwenye kiti cha daladala hakuna anayekaa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mbeleko inayokwenda mbele na nyuma, ambayo mtu anaweza kuigeuza bila kuomba msaada wa konda, ina thamani kubwa hapa mjini kuliko ile yenye mifuko sita. Kwa wanaovuka kwenda Kigamboni ni hivyohivyo. Kwenye bodaboda hakuna mbeleko inayofaa, iwe ya bei gani, na sina la kuongeza.

Kanga pia ina mipaka yake. Ikiwa mpya imejaa wanga na huteleza, kwa hiyo ifuliwe mara kadhaa kwanza. Nguvu yake yote iko katika fundo, na mbebaji asiyejifunza kufunga fundo hilo hana mbeleko, ana nguo tu. Kwa mtoto wa kilo kumi na mwendo wa saa nzima, bega moja linaumia, na hapo mikanda mipana inayogawa uzito mabegani na kiunoni inastahili fedha yake. Mwanamume mwenye kifua kipana ataona ncha za kanga moja hazimtoshi. Kitenge kirefu kitamfaa zaidi.

Ukiamua kununua ya mikanda, ingia dukani na mfuko wa sembe wa kilo tano. Niliona haya mara ya kwanza, lakini hakuna kipimo kingine kinachoonyesha haraka hivyo kama mshono unavutika, kama kifungo kinateleza, na kama mkanda wa kiunoni unakaa juu ya mifupa ya nyonga au unapanda hadi mbavuni. Soma kiwango cha uzito kilichoandikwa. Nyingi huanzia kilo 3.5, na mtoto aliyezaliwa mdogo atangulie kuonwa na muuguzi. Ya mtumba si mbaya, na mara nyingi imeshonwa vizuri kuliko mpya ya bei rahisi, ila kifungo chenye ufa hakirekebishwi kwa gundi.

Ninayoitumia sasa ni ya mtumba, ya pamba, kitako chake kinapanuliwa kadiri mtoto anavyokua. Nyumbani nafunga kanga, kazi niliyofundishwa na mama mkwe kwa kuniinamisha juu ya godoro jioni tatu mfululizo, mtoto akianguka aangukie pazuri. Wiki iliyopita ile ya mikanda ilikuwa imefuliwa na haijakauka, ikabidi niende dukani kwa Mangi kununua mkate nikiwa na kanga kifuani na binti mgongoni amelala. Ni hatua mia moja hivi kwenda na kurudi. Kituo cha daladala bado sijakifikia.