Ukague simu au ujibu maswali?

Kwenye hili la vijana kunaswa na misimamo mikali ya dini mtandaoni wazazi wamegawanyika, kuna wanaosema bana, kagua simu, kata bando, na kuna wanaosema ukibana ndo unamsukumia hukohuko. Mi nipo zaidi na hawa wa pili, ila wa kwanza nao sio wajinga.

Mchukue Umar Farouk Abdulmutallab, yule kijana wa Nigeria aliyejaribu kulipua ndege ya kwenda Detroit siku ya Krismasi 2009. Mahubiri ya Anwar al-Awlaki, mhubiri wa al-Qaeda, aliyasikiliza mtandaoni wee mpaka akamfuata Yemen, na baba yake, mtu mkubwa tu wa mambo ya benki, alienda mwenyewe ubalozi wa Marekani Abuja mwezi mmoja kabla kuwaambia mwanangu ananitia wasiwasi, na bado kijana akapanda ndege. Wa kubana watasema si unaona, baba alichelewa. Sawa, lakini huyo alikuwa na miaka 23 na anaishi mbali, ungekagua simu gani? Kinachoniuma mimi ni yale maandishi ya 2005 yanayosemekana ni yake, analalamika mtandaoni kwamba hana mtu wa kuongea nae.

Mtoto anauliza, hivi majirani wa dini nyingine wataenda motoni? Anajibiwa nyamaza, usikufuru. Basi anaenda kuiuliza simu, na simu haimfokei, inampa aya juu ya aya ndani ya dakika moja, alafu inamletea klipu nyingine kali kuliko ile. Bora ungesema tu sijui, twende tukamuulize shehe au padri, mradi awe mtu asiyechukia kuulizwa mara ya pili.

Ila familia nayo sio kinga yenyewe tu. Shakahola, Kenya, 2023 kuna wazazi waliowapeleka watoto msituni kwa mikono yao, wakimfuata mhubiri ambaye mahubiri yake yalijaa YouTube, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Na hata kwenye nyumba za kawaida, baba anayeforwadi voisi za kutukana dini za watu kwenye grupu la familia atamwonya mwanae kwa lipi?

Lingine, mtoto kuzidisha sala au kubadili mavazi sio kosa, wengi wanapaniki hapo bure na mtoto anaanza kujificha. Mi ningeangalia dharau: anamuita mama yake kafiri, anakata marafiki wa zamani, anafurahia klipu za watu kuuawa. Hapo maongezi ya nyumbani hayatoshi tena, na ndo pagumu, maana mzazi akienda polisi anaogopa kumpoteza mtoto, asipoenda anaweza kuja kusikia jina lake kwenye habari. Aarhus, Denmark, polisi na watu wa ustawi wa jamii wanawashauri wazazi na kumpa kijana mtu wa kumsimamia kabla mambo hayajafika kwenye pingu, kuna waliosema huko ni kubembeleza magaidi, lakini angalau mzazi ana pa kupiga simu mapema.