Baada ya Mgomo wa Walimu, Fidia ya Vipindi Isitangulie Utulivu wa Mtoto

Mgomo wa walimu unapomalizika, swali la kwanza la watu wazima huwa ni siku ngapi zimepotea na zitafidiwa vipi. Wakuu wa elimu wanataka silabasi ikamilike, wazazi wanataka watoto wao wasiachwe nyuma, na shule hujibu kwa kubana ratiba: vipindi vya alfajiri, masomo ya Jumamosi, likizo iliyokatwa, na juu yake mtihani wa wiki ya kwanza. Anayesema kwamba watoto warudishiwe kwanza mazoea yao na wahisi kuwa wako salama huonekana anawadekeza. Mtu huyo, kwa maoni yangu, hajasikilizwa vya kutosha.

Hoja ya fidia ina uzito wake. Watafiti David Jaume na Alexander Willén waliichunguza Argentina, nchi iliyopitia migomo ya walimu ipatayo 1,500 kati ya mwaka 1983 na 2014. Walikuta kwamba mwanafunzi wa wastani alikosa takriban siku 88 za masomo katika shule ya msingi, na kwamba hasara hiyo ilipunguza kipato chake cha utu uzima kwa asilimia 3.2 kwa wanaume na asilimia 1.9 kwa wanawake. Nchini Ubelgiji, utafiti kuhusu migomo ya mwaka 1990 katika shule za jamii inayozungumza Kifaransa ulionyesha kwamba wanafunzi walikariri madarasa zaidi na kuishia na kiwango cha chini cha elimu. Mzazi anayezisoma takwimu hizi na kudai kila saa irudishwe ana haki ya kuogopa.

Hata hivyo, zile siku 88 zinastahili kutazamwa tena. Kwa kuwa sheria ya Argentina ya mwaka 2003 inataka angalau siku 180 za masomo kwa mwaka, hizo ni karibu nusu ya mwaka mzima. Lakini si nusu mwaka iliyopotea kwa mkupuo. Ni jumla ya migomo iliyokuja na kwenda katika miaka yote ya shule ya msingi, kiasi kwamba mtoto alikua akijua kuwa mlango wa shule unaweza kufungwa asubuhi yoyote. Tumezoea kuisoma hesabu hiyo kama deni la vipindi vya hisabati na lugha pekee, ilhali ndani yake kuna pia deni la uhakika: uhakika kwamba kesho mwalimu atakuwepo, kengele italia, na kazi iliyoanzwa leo itamalizwa. Takwimu yenyewe haitenganishi madeni hayo mawili, kwa hiyo siitumii kuthibitisha dai langu. Ninachosema ni kwamba haithibitishi pia kuwa kubana Jumamosi kadhaa kunalipa kilichopotea.

Mtazame mtoto wa darasa la pili siku ya kwanza ya kurudi. Ameshazoea kulala usiku sana na kuamka jua likiwa juu. Mwalimu anaita majina, naye anachelewa kuitika. Wakati wa mapumziko haendi kucheza, anabaki karibu na meza ya mwalimu, na swali lake halihusu somo: anauliza kama mwalimu atakuja kesho. Mtoto huyu akikabidhiwa karatasi ya mtihani siku ya tatu, alama zake zitaonyesha hofu na usingizi kuliko anachokijua, na shule itapanga masomo ya ziada kwa kufuata kipimo kisicho sahihi. Mwaka 2007 jopo la wataalamu lililoongozwa na Stevan Hobfoll lilitaja nguzo 5 za kuwasaidia watu baada ya majanga makubwa, na mbili za kwanza zilikuwa usalama na utulivu. Mgomo si janga la namna hiyo, na kuulinganisha na vita au tetemeko la ardhi ni kuwakosea walimu wanaotetea haki yao. Ila mpangilio huo wa kipi kitangulie una maana hata kwa misukosuko midogo.

Usalama nao si hisia tu. Chicago ilipokumbwa na mgomo mwaka 2012, mamlaka ya shule ilifungua shule 144 kwa nusu siku ili watoto wapate chakula na mtu wa kuwaangalia, kwa sababu kwa familia nyingi shule ndiyo hufanya kazi hiyo. Kenya, katika mgomo wa mwaka 2015 uliochukua takriban wiki 5, serikali ilifikia hatua ya kuzifunga shule na kubakiza watahiniwa pekee. Katika mapengo kama hayo wapo wanaoanza vibarua, wanaoachwa bila mtu mzima nyumbani, na wasichana wanaopata mimba. Ndiyo maana daftari la mahudhurio la wiki ya kwanza lina thamani kuliko karatasi yoyote ya mtihani: linaonyesha nani hajarudi, na mwalimu mwenye nafasi ya kupumua ataulizia kwao. Aliyerundikiwa vipindi tangu alfajiri hadi jioni hatapata muda huo, na huenda mwenyewe amerudi na uchungu kwa wenzake ambao hawakugoma, uchungu ambao watoto huunusa haraka.

Kwa watahiniwa nakubali kwamba mambo ni tofauti, kwani tarehe ya mtihani wa taifa haisubiri. Wao wapewe vipindi vya ziada, lakini ratiba itangazwe mapema na isibadilishwe kila wiki.

Tatizo ni kwamba hayo huamuliwa mezani ambako mtoto hana mwakilishi. Mwaka 2019, tena Chicago, makubaliano ya mkataba yalipokwisha kupatikana, watoto walikaa nyumbani siku moja zaidi kwa sababu pande mbili zilikuwa zinavutana kuhusu siku za kufidia, ambazo pia ni siku za mshahara. Zikaafikiana kufidia siku 5 kati ya 11 zilizopotea. Sioni aibu kwa mwalimu kutaka malipo yake. Ila makubaliano ya kurejea kazini, ambayo hutaja malimbikizo ya mishahara na kinga dhidi ya kuadhibiwa, yana nafasi ya kifungu kimoja zaidi: kwa wiki 2 za mwanzo, mbali na madarasa ya watahiniwa, ratiba ibaki ile ya kabla ya mgomo, kila darasa lirudi kwa mwalimu wake, mtihani usitolewe, na kila mtoto asiyeonekana atafutwe.