Nani achungulie rasimu kabla haijaidhinishwa?

Kampuni moja ya utalii hapa Moshi ilinipa kazi ya kutunza tovuti yake, na ugomvi wa kwanza niliokutana nao ulihusu nani aruhusiwe kuuona ukurasa ambao haujaidhinishwa.

Meneja alitaka rasimu waione wawili tu, mwandishi na mwidhinishaji. Ana sababu. Msimu uliopita linki ya rasimu ya bei ilitupwa kwenye grupu la WhatsApp, "hebu ipitieni", ikavuka hadi kwa wakala Ujerumani, naye akamuuzia mgeni kwa bei ambayo haijapitishwa. Wakala huwezi kumlaumu. Ukurasa ulikuwa na nembo, picha ya Kibo na bei za dola, bila hata neno moja la kuonyesha kwamba ni rasimu.

Lakini kuna waongoza watalii. Rasimu ya njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro iliandikwa kwamba wageni watalala kwenye vibanda. Mwandishi hakuona kosa, wala mhasibu anayeidhinisha. Aliyeliona ni mwongozaji mmoja, kwenye simu yake, akisubiri wageni wasajiliwe getini: "Vibanda viko Marangu, kaka. Machame ni mahema." Kwa utaratibu wa meneja, huyu angeuona ukurasa siku moja na mteja.

Programu zenyewe za kuendesha tovuti hazituamulii. SharePoint ina ngazi tatu: rasimu ionwe na kila mwenye ruhusa ya kusoma, na wanaoweza kuhariri tu, au na mwandishi pamoja na waidhinishaji. WordPress huionyesha kwa aliyeingia kwa akaunti yenye ruhusa. Linki ya wazi huja na programu-jalizi (plugin) ya kuongeza, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mimi niko na mwongozaji, kwa masharti. Linki ife baada ya siku mbili, na juu ya ukurasa ukae utepe mwekundu: RASIMU, BEI HAZIJAPITISHWA. (Meneja anasema unaharibu mwonekano. Ndiyo kazi ya utepe.)

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, hakuna aliyekigusa. Mwidhinishaji anasoma saa nne, mwandishi anabadilisha bei saa tano, idhini inatoka saa sita. Hapo kaidhinisha nini? Idhini ishikamane na toleo alilolisoma. Likiguswa hata tarakimu moja, lirudi kwake. Nimewaandikia hivyo. Wao bado wako kwenye rangi ya utepe.